Tunaongoza hadi robo ya tatu, kisha tunapoteza: tubadili nini katikati ya msimu?

Ndugu washauri,

Mimi ni kocha msaidizi wa timu ya wanaume ya mpira wa kikapu ya chuo. Tumemaliza mzunguko wa kwanza wa ligi: mechi 10, tumeshinda 3, tumepoteza 7. Kinachouma ni kwamba katika 5 kati ya hizo 7 tulikuwa mbele mpaka mwisho wa robo ya tatu. Robo ya nne ikianza, wapinzani wanatukaba uwanja mzima na sisi tunavurugika.

Kocha Mkuu anaona tatizo letu ni kufunga. Sasa tuna mapumziko ya wiki mbili na nusu, na anataka tuyatumie kujifunza mifumo mitano mipya ya kushambulia, tuache ulinzi wa mtu kwa mtu tuhamie ulinzi wa kanda wa 2-3 (wawili mbele, watatu nyuma, kila mmoja akilinda eneo lake), na vijana waongezewe mbio kila mwisho wa mazoezi ili wapate pumzi. Namheshimu sana, ila moyo wangu hautulii. Wiki ya kwanza ya mapumziko ni ya mitihani, na uwanja tunaupata mara tatu tu kwa wiki, dakika 90 kila mara.

Huu ndio wastani wetu kwa mechi moja: pointi 64, mitupo ya uwanjani 24 kati ya 62, na ndani yake ya pointi tatu ni 5 kati ya 22, mitupo huru 11 kati ya 19, ribaundi za kushambulia (mipira tunayoidaka tena baada ya mtupo wetu kukosa) 9, kupoteza mpira mara 21. Wapinzani wetu: pointi 68, mitupo ya uwanjani 26 kati ya 79, ya pointi tatu ikiwa 4, mitupo huru 12 kati ya 19, ribaundi za kushambulia 18, kupoteza mpira mara 13.

Mchezeshaji wetu wa kwanza anacheza kama dakika 37 kati ya 40, kwa sababu akitoka hakuna wa kupandisha mpira. Tunatumia kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu. Tuanzie wapi? Na nimwelezeje Kocha Mkuu bila kuonekana namkosoa?

Kocha Msaidizi

*

Ndugu Kocha Msaidizi,

Umefanya jambo la maana sana kutuma takwimu za pande zote mbili. Timu nyingi huhesabu za kwao tu, na ugonjwa wenu usingeonekana kwa hesabu ya upande mmoja.

Angalia namba mbili: 62 na 79. Wapinzani wanatupa mara 17 zaidi yenu katika kila mechi. Katika mpira wa kikapu timu mbili hupata zamu karibu sawa za kushambulia, maana zamu ya mmoja ikiisha mwenzake ndiye anayechukua mpira. Zihesabu hivi: mitupo ya uwanjani, jumlisha mitupo huru mara 0.44 (si kila mtupo huru unaomaliza zamu), toa ribaundi za kushambulia, jumlisha mipira iliyopotea. Kwenu inatoka 82. Kwa wapinzani inatoka 82. Zamu ni sawasawa, lakini wao wanazigeuza kuwa mitupo 79 na ninyi 62. Pengo la 17 lina sehemu mbili tu: mipira 8 mnayopoteza zaidi yao, na ribaundi 9 za kushambulia wanazowazidi.

Sasa pima ubora wa mitupo yenyewe. Chukua vikapu vya uwanjani, ongeza nusu ya vile vya pointi tatu, gawa kwa mitupo yote. Ninyi mnapata asilimia 43, wao 35. Kwa hiyo mkifika kutupa mnafunga vizuri kuliko wao, na ulinzi wenu wa mtu kwa mtu unawalazimisha wakose mno. Kocha Mkuu hajakosea kusema pointi hazitoshi. Hazitoshi kwa sababu mitupo ni michache. Mifumo mitano mipya haitaongeza hata mtupo mmoja. Tena kwa mwezi wa kwanza itapunguza, kwa sababu mchezaji anayewaza anatakiwa kusimama wapi huchelewa kupokea pasi, na pasi iliyochelewa ndiyo inayoibwa.

Anzeni na mpira unaopotea. Mara 21 kwa zamu 82 ni moja katika kila nne. Lengo la mzunguko wa pili liwe 16. Kila mtupo wenu wa uwanjani unawaletea wastani wa pointi 0.85, hivyo zamu tano zilizookolewa, hata kama si zote zitaishia kwenye mtupo, zinakaribia kuziba lile pengo la pointi 4 kati ya 64 na 68. Lakini usimwambie mchezaji "acha kupoteza mpira". Hajui afanye nini tofauti, ataogopa tu, na mwoga hushika mpira muda mrefu zaidi.

Kama mna video au karatasi za mechi tatu za mwisho, mpe mwanafunzi mmoja kazi ya kuandika kila mpira uliopotea: nani, robo ya ngapi, sehemu gani ya uwanja, na kwa njia ipi. Njia ziwe tano: pasi mbaya, kupokonywa wakati wa kudunda, kutembea na mpira, kuvunja kanuni ya muda, faulo ya kushambulia. Katika timu za wanafunzi pasi mbaya ndiyo huwa kubwa kuliko zote, na chanzo chake mara nyingi ni kimoja kati ya hivi vitatu. Mchezaji anaruka hewani kabla hajajua atampa nani. Mpokeaji anausubiri mpira akiwa amesimama, na beki anapita mbele yake. Au senta anapewa mpira kutoka katikati ya uwanja, mlinzi akiwa kati yao, wakati njia sahihi ilikuwa kuupeleka kwanza pembeni ndipo uingie.

Dawa ya vyote vitatu ni zoezi moja: wanne kwa wanne, nusu uwanja, bila kudunda hata mara moja, dakika 10. Asiyeweza kudunda analazimika kusimama kwa miguu miwili, kuzunguka kwa mguu wa mhimili, na kuangalia. Wenzake nao wanalazimika kuufuata mpira. Kila upande uanze na pointi 10. Mpira ukipotea ondoa 2, kikapu ongeza 1. Adhabu iwe kubwa kuliko zawadi, ndivyo watakavyojifunza thamani ya zamu. Siku ya kwanza litakuwa vurugu tupu. Msiliache.

Sasa kukabwa uwanja mzima, ambako ndiko mechi zenu zinakofia. Kosa kubwa tunaloliona ni kumwachia mchezeshaji mmoja adunde kuwapita watu wawili. Hata awe hodari vipi, mtego huo wa watu wawili umetengenezwa kwa ajili ya mdundaji. Mtego huvunjwa kwa pasi, na hasa pasi ya katikati.

Wapangeni hivi. Anayerusha mpira toka mstari wa mwisho awe fowadi mrefu mwenye pasi nzuri, asiwe mchezeshaji. Asisimame nyuma ya ubao, kwa sababu ubao utamzibia pasi ndefu. Asogee upande mmoja wa ringi na arudi hatua moja nyuma ya mstari ili mikono ya beki isimfikie. Akumbuke ana sekunde 5. Kama wapinzani wamefunga kikapu, anaruhusiwa kukimbia huku na huku nyuma ya mstari. Kama mpira ulitoka nje au kulikuwa na kosa, anarushia palepale alipoonyeshwa na mwamuzi. Wachezaji wengi huchanganya hapo na kujikuta wameupoteza mpira bure. Mchezeshaji apokee kati ya kona na mstari wa mitupo huru, kamwe asipokee konani, maana mistari miwili ya uwanja inakuwa walinzi wawili wa ziada. Mtu wa tatu aje katikati, karibu na duara la kati, akitokea mbali kwa kasi badala ya kusimama hapo akisubiri. Wa nne apite pembeni upande wa mpira. Wa tano aende mbali karibu na ringi ya wapinzani, ili beki wao wa mwisho asithubutu kupanda.

Mchezeshaji akishapokea, asidunde kwanza. Ageuke, mpira ukae kidevuni viwiko vikiwa nje, aangalie katikati, kisha pembeni, kisha nyuma kwa yule fowadi aliyerusha, ambaye sasa ameingia uwanjani na kusimama nyuma ya mpira kama njia ya kutokea. Watu huisahau hiyo pasi ya nyuma, nayo ndiyo huokoa zamu nyingi kuliko zote: mtego ukikujia kulia, mpira ukirudi nyuma na kuvuka kushoto, upande ule umebaki na beki mmoja.

Mna sekunde 8 kuvuka nusu. Saa ya kutupa, ile inayohesabu sekunde za zamu kushuka, inapoanza 24, ikionyesha 16 na mpira bado uko kwenu, mmeupoteza. Mchezaji wa katikati apewe jukumu la kupaza sauti saa ikifika 20, ili aliye na mpira asilazimike kuinua macho.

Lifanyieni zoezi watano kwa saba. Ndiyo, walinzi saba, dakika 12 kila mazoezi. Wakiweza kuvuka mbele ya saba, watano wa mechi wataonekana wachache. Na wakishavuka wakiwa watatu dhidi ya wawili, waende ringini. Timu inayovuka mtego halafu ikasimama kupumua inawapa wapinzani ruhusa ya kuikaba tena bila hofu. Wakifungwa vikapu rahisi viwili vitatu, kocha wao atawarudisha nyuma mwenyewe.

Sehemu ya pili ni ribaundi. Wapinzani wanakosa mitupo 53 kwa mechi na karibu theluthi moja wanairudia. Mnafanya kazi ngumu ya kulinda kwa sekunde 20, mnamlazimisha mtu akose, kisha mnampa mpira akiwa mita moja toka ringini. Hapo ndipo hatukubaliani kabisa na ulinzi wa kanda kama ulinzi wenu mkuu. Kwenye kanda hakuna aliyepangiwa mtu wa kumziba asiufikie mpira. Kila mlinzi ana eneo, na mpinzani anayekimbia kutoka pembeni anaingia kwenye pengo kati ya maeneo mawili bila kuguswa. Mtakuwa mmeudhoofisha ulinzi wenu mahali ambapo tayari unavuja. Zamu chache za 2-3 baada ya taimauti, kuwachanganya wapinzani au kumfichia mchezaji mwenye faulo nne, hizo ni sawa.

Fundisheni kuziba kwa mpangilio huu. Mpira ukitoka mkononi mwa mtupaji, macho yaende kwa mtu wako kabla ya kwenda ringini. Mguse kwa mkono uliokunjwa ili ujue alipo. Zungusha mguu, makalio yakae kwenye mapaja yake, magoti yakunjwe, mikono juu na wazi. Mshikilie hivyo mpaka mpira uguse ringi, ndipo uuendee. Makosa ni mawili: mlinzi anakimbilia chini ya ringi, ambako mpira hauanguki isipokuwa umepita wavuni, au anasimama wima na kusukuma kwa mikono, na mwamuzi anapuliza. Hiyo ya pili ina gharama nyingine, kwa sababu kuanzia faulo ya tano ya timu katika robo, wapinzani wanapewa mitupo huru miwili hata kama hawakuwa wanatupa.

Waambieni magadi, yaani wachezaji wa nje, pia kwamba ribaundi si kazi ya warefu peke yao. Mtupo wa mbali hudunda mbali, na unaotoka kona moja mara nyingi huangukia upande wa pili. Senta akimziba wake vizuri halafu mpira ukaanguka karibu na mstari wa mitupo huru ambako hakuna gadi, juhudi yake imepotea. Zoezi: watatu kwa watatu kuzunguka eneo la sekunde tatu (lile lililochorwa mbele ya ringi), kocha anatupa na kukosa makusudi toka sehemu mbalimbali, walinzi hawatoki mpaka wapate ribaundi tatu mfululizo. Dakika 8 zinatosha. Ni zoezi linalochosha na kuumiza, msilirefushe.

Katika kushambulia badilisheni kitu kimoja tu. Mitupo yenu ya pointi tatu ni 5 kati ya 22, yaani pointi 0.68 kwa kila mtupo. Ya pointi mbili ni 19 kati ya 40, yaani 0.95. Ili mtupo wa tatu ulipe sawa na wa mbili, mnatakiwa mfunge takriban 7 kati ya 22. Tazameni nani anatupa na katika hali gani. Anayetupa akiwa amesimama, mpira ukimjia kutoka ndani, aendelee. Anayedunda mara tatu halafu akatupa mbele ya mlinzi, aache. Kupunguza 22 hadi 14 au 15, na ile saba ikaingia ndani, ni mabadiliko ambayo hayahitaji mfumo wowote mpya.

Kuhusu pumzi, mbio za kuzunguka uwanja mwisho wa mazoezi hazitasaidia robo ya nne. Mchezo huu ni milipuko mifupi: kukimbia, kusimama, kuruka, kugeuka. Lile zoezi la watano kwa saba likifanywa kwa kasi ya mechi ni pumzi tosha. Katikati ya msimu vijana tayari wana uchovu wa mechi kumi magotini. Mkiongeza mizigo juu ya mitihani na usingizi mfupi, mtaanza kusikia maumivu chini ya kifuniko cha goti, na hayo yakishaanza huchukua wiki nyingi kutulia. Wiki ya mitihani fanyeni mazoezi mawili tu, dakika 60 kila moja: pasi bila kudunda, kuziba, mitupo huru, basi. Watano kwa saba ianze wiki ya pili.

Na pumzi ya mchezeshaji wenu ni suala la dakika. Mtoeni zikibaki dakika 2 robo ya kwanza iishe, arudi zikiwa zimepita dakika 2 za robo ya pili. Fanyeni vivyo hivyo kati ya robo ya tatu na ya nne. Katikati kuna mapumziko ya dakika 2 ambayo ni zawadi, kwa hiyo dakika 4 za saa ya mchezo zinakuwa pumziko refu zaidi kwa mwili wake. Atacheza 32 badala ya 37, na zile dakika 8 za mwisho ataingia akiwa na miguu. Anayemshika nafasi hahitaji kuwa fundi wa kudunda, kwa kuwa sasa mpira unapanda kwa pasi. Tarajieni kwamba mechi ya kwanza au ya pili mtapoteza pointi chache katika dakika hizo. Kocha Mkuu aambiwe hilo mapema, la sivyo atamrudisha baada ya sekunde 40.

Mitupo huru: 11 kati ya 19 ni asilimia 58. Msiwatupishe 50 mfululizo; hakuna mechi inayofanana na hilo. Baada ya kila zoezi zito, wakiwa wanahema, kila mmoja atupe miwili na matokeo yaandikwe. Mchovu hukosa kwa ufupi, mpira unagusa mbele ya ringi, kwa sababu hakukunja magoti na anatupa kwa mikono pekee. Kila mmoja awe na utaratibu wake usiobadilika, mathalani kudunda mara mbili, kuvuta pumzi, kutupa, ndani ya sekunde 5 anazoruhusiwa.

Tuje kwa Kocha Mkuu. Usimpelekee maoni, mpelekee karatasi moja. Iwe na mistari mitatu: mitupo 62 dhidi ya 79, kupoteza mpira 21 dhidi ya 13, ribaundi za kushambulia 9 dhidi ya 18. Mkae wawili tu, mbali na wachezaji, siku ambayo si ya mechi. Mwambie, "Kocha, nimejumlisha karatasi za mechi zote kumi, naomba uziangalie kabla hatujapanga mazoezi." Kisha nyamaza aisome. Anza na jambo lililo zuri na la kweli, kwamba ulinzi aliowafundisha unawaacha wapinzani na asilimia 33 tu ya mitupo ya uwanjani. Usiipinge mifumo yake yote mitano. Omba achague mmoja, ule anaouamini zaidi, uingizwe wiki ya pili baada ya mitihani, na ule wa 2-3 uwekwe akiba. Pendekeza mpimane kwa mechi tatu za kwanza za mzunguko wa pili: ikiwa kupoteza mpira hakujashuka chini ya 18 na ribaundi za kushambulia za wapinzani hazijashuka chini ya 15, mjadala wa mifumo ufunguliwe upya.

Kuna jambo dogo ambalo mnaweza kulirekebisha kesho. Kipindi cha pili (robo ya tatu na ya nne) mnazo taimauti 3, lakini ndani ya dakika 2 za mwisho za robo ya nne mnaruhusiwa kutumia 2 tu. Mkifika hapo mkiwa nazo zote tatu, moja imekufa. Kwa timu inayovurugika ikikabwa, hiyo ya kwanza itumieni mara tu mpira wa pili mfululizo unapopotea mkikabwa, bila kusubiri uongozi uishe. Katika ile dakika moja semeni mambo mawili: nani anarusha, na nani anakuja katikati.